Mzazi Ndani ya Jiwe la Mbinguni

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata bibi yangu alizikuta zimeshakuwa zamani, wanyama walikuwa na nyumba, majiko na majirani kama sisi. Asubuhi walisalimiana. Mlangoni walipiga hodi.

Na hodi, wanangu, haikuwa mchezo. Ilikuwa sheria. Ukifika kwa mtu unaita, "Hodi!" Akiitikia, "Karibu!" unaingia. Usipoitikiwa mara tatu, unarudi ulikotoka. Ila Mtemi peke yake alikuwa na sheria ya ziada. Akikipigia kitu hodi mara tatu kisiitikie, basi kitu hicho hakina mwenyewe. Na kisicho na mwenyewe ni mali ya Mtemi, pamoja na kiwanja ambapo kimekaa.

Mtemi alikuwa Kifaru: mkubwa, mzito, na macho yake mabovu. Alichokijua alikijua kwa pua, kwa masikio, au kwa kukigonga.

Katika nchi yake palikuwa na kilima cha mawe, na katika nyufa za mawe hayo aliishi Pimbi na watoto wake. Pimbi mnamjua: mdogo, hana mkia, kama sungura aliyenyimwa masikio. Alikuwa mjane. Bondeni hakuthubutu kuishi, kwa sababu Tai alizunguka huko mchana kutwa, na mtoto wa pimbi akiwa nje ya mawe ni tonge moja tu.

Sasa sikilizeni. Jioni moja, kiangazi kikiwa kimekaza, mbingu ilipasuka. Ngurrruuu! Mwanga mweupe ukapita juu ya miti, vuuuu, vivuli vya kila kitu vikakimbia upande mmoja. Kisha, puuu! Ardhi ikatikisika. Vumbi lilipotulia, Pimbi akachungulia kutoka katika ufa wake.

Katikati ya uwanja wake palikuwa na jiwe ambalo asubuhi halikuwapo.

Bibi alisema lilikuwa na ukubwa wa kinu cha kutwangia. Babu mdogo hudai lilikuwa kubwa kama nyumba. Mimi nafuata la bibi, maana hakuwa na tabia ya kuongeza. Lilikuwa jeusi, laini kama lililopakwa mafuta. Juu lilikuwa na kishimo kama bakuli, na ubavuni ufa mwembamba. Lilikuwa vuguvugu. Na ndani yake lilitoa sauti ndogo: ts, ts, ts.

Kulipokucha Mtemi Kifaru akafika, akifuatana na Nyati, askari wake mkuu, na Bi Ngiri, mpishi wake.

"Shikamoo, Mtemi," akasema Pimbi.

"Marahaba. Liko wapi?"

"Umelikaribia sana, Mtemi. Kidogo tu utaligonga."

Kifaru akanusa. Fff, fff. "Halina harufu ya nchi hii. Limetoka wapi?"

"Juu," akasema Nyati.

"Juu wapi? Juu ya mti?"

"Juu ya juu, Mtemi."

Katika maisha yake yote Kifaru hakuwahi kufikiri kwamba huko juu ni mahali.

"Haya," akasema mwishowe. "Nitalipigia hodi. Kama halina mwenyewe, ni langu, na kilima hiki ni changu. Nitakuwa nakuja kujikunia mgongo hapa. Wewe Bi Pimbi utahamia bondeni."

Watoto wa Pimbi wakajibana miguuni kwa mama yao. Mmoja akatazama angani, akamwona Tai akizunguka, akafumba macho.

"Na usijifiche nyuma ya jiwe ukaitikia wewe," Nyati akamwonya. "Tunakujua. Simama hapa mbele yangu, wewe na wanao, midomo imefungwa!"

Pimbi akasimama. Kifaru akavuta pumzi.

"HODI!"

Kimya.

"HODI HODI!"

Kimya. Majani makavu yakaanguka kwa ule mtikisiko.

"HODI, WENYEWE!"

Ts, likalia jiwe.

"Hakuna mtu," akasema Nyati. "Bi Pimbi, funga mizigo."

"Shhhh!" akasema Pimbi.

Nyati akatoa macho. "Unamnyamazisha Mtemi?"

"Nisamehe, Mtemi, lakini punguza sauti." Pimbi akanong'ona hata Kifaru akalazimika kuinama. "Humo ndani mna mzazi."

"Mna nini?"

"Mzazi. Mwanamke aliyejifungua. Gusa ubavu wa jiwe uone. Si vuguvugu? Nyumba gani hupashwa joto kiangazi hiki, kama si ya mzazi? Na mzazi haitikii hodi ya wanaume mpaka arobaini yake itoke."

"Hilo kweli," akadakia Bi Ngiri. "Nilipowazaa wanangu wadogo, hata mume wangu sikumwitikia. Alisimama nje mpaka akaota mizizi."

Kifaru akarudi nyuma taratibu, akipapasa ardhi kwa kwato.

"Nimepiga kelele mlangoni kwa mzazi," akasema kwa aibu.

"Mara tatu," akasema Pimbi.

"Na sasa nifanye nini?"

Pimbi akawatazama wanawe. Mbavu zao zilihesabika, maana majani ya kilima yalikuwa yamekauka yote. Wazo likamjia palepale.

"Kwetu sisi, jirani akijifungua hupelekewa uji. Na huyu ametoka mbali, Mtemi. Hana mama hapa, hana wifi. Uji wa ulezi wenye samli na pilipili manga, umiminwe kwenye kile kishimo cha juu. Kisha watu waondoke, mzazi ale kwa faragha."

"Bi Ngiri!" akanguruma Kifaru, akakumbuka, akanong'ona: "Bi Ngiri. Pika."

Basi ikawa hivyo. Kila jioni Bi Ngiri alileta uji, akamimina kishimoni, wakubwa wakaondoka kwa ncha za kwato. Jua likizama tu, watoto wa Pimbi wakapanda juu ya jiwe. Lamba, lamba, lamba! Kulipokucha kishimo kilikuwa kitupu.

"Amekula?" Kifaru aliuliza.

"Amekula, Mtemi. Anakushukuru."

"Na mtoto?"

"Ananyonya vizuri."

"Amefanana na nani?"

"Na mama yake, Mtemi."

Kifaru alirudi nyumbani amejaa fahari. Aliwaambia wageni wake wote, "Juu kuna watu, na mimi ndiye ninayewalisha."

Lakini Nyati alikuwa na macho mazuri.

"Bi Pimbi," akasema siku moja, "nchi nzima imekonda. Wanao wamenenepa."

"Ni upepo, Bwana Nyati. Umewajaa tumboni."

"Na huyu ana samli kidevuni."

Mtoto akajifuta haraka. Nyati hakusema zaidi. Alikwenda kwa Kifaru, na jioni ile wote wakarudi.

"Leo hakuna faragha," akasema Nyati. "Uji utamiminwa, nasi tutakaa hapa tukitazama. Pimbi na wanawe watakaa kati yetu. Kama uji utaliwa, kuna mtu. Kama hautaliwa, kilima ni cha Mtemi, na hawa wanashuka bondeni."

Bi Ngiri akamimina uji. Ulikuwa wa moto, ukitoa mvuke. Wakakaa.

Pimbi hakulala. Alihesabu nyufa za kilima chake kimoyomoyo: katika huu alizaliwa mama yangu, katika huu alizaliwa mume wangu, katika huu niliwazaa hawa. Kulipokucha uji ulikuwa palepale, umefunikwa utando. Hakuna aliyeonja hata tone.

"Mtemi," Nyati akaanza.

"Jua bado halijafika juu," akasema Pimbi. "Mzazi huchelewa kuamka."

"Jua likifika juu, basi," akasema Kifaru. Sauti yake ilikuwa na huzuni. Alikuwa amezoea kuwalisha watu wa juu.

Jua likapanda. Jiwe jeusi likashika joto. Tai akazunguka chini zaidi. Pimbi akawavuta wanawe, akaanza kuwaambia polepole namna ya kukimbia bondeni kwa kupindapinda.

Ndipo ikasikika sauti.

Pwu.

Masikio ya Kifaru yakasimama. "Nani amesema?"

"Hakuna aliyesema, Mtemi," akajibu Nyati.

Pwu. Pwu.

Katikati ya uji palikuwa na tundu dogo, mahali povu lilipopasuka. Jingine likainuka kando yake, likajaa, likang'aa, likapasuka. Pwu. Utando ukaanza kuinuka wote kwa pamoja, taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala.

Mjue kwamba katika nchi hiyo uji haukuwahi kulala. Ulipikwa, ukanywewa wa moto, chungu kikaoshwa. Hakuna aliyewahi kuona unafanya nini ukiachwa.

Kifaru akaleta pua karibu. Fff. "Una harufu mpya. Umekuwa mchachu, kama kwamba utamu wake umeliwa. Na una joto, Bi Ngiri, lakini si la moto wako." Akatega sikio. "Anapumua. Wanangu, jamani, anapumua!" Akamgeukia Pimbi. "Bi Pimbi, ni nani?"

Pimbi alikuwa amekodoa macho kuliko wote. Alidanganya kwamba ndani mna mtu. Sasa mtu alikuwa anajibu.

"Sijui, Mtemi," akasema. Tangu jiwe lianguke, hilo lilikuwa neno lake la kwanza la kweli.

"Mimi nimezaa mara nyingi," akasema Bi Ngiri kwa sauti ya chini. "Kitu kilicho hai nakijua. Kinakula, kinapumua, kina joto lake, na kinaongezeka. Hayo matatu ya kwanza tumeyaona. Tutazame la nne."

Akachota kijiko kimoja cha uji ule, akakitia katika chungu cha uji mwingine wa asubuhi hiyo uliokwisha kupoa. Wakasubiri. Kivuli cha jiwe kilipoanza kurefuka, chungu kizima kikaanza: pwu, pwu, pwu. Uji ukaumuka, ukafika ukingoni, ukatambaa nje.

"Wamezaana," akanong'ona Bi Ngiri. "Kijiko kimoja kimejaza chungu."

Watoto wa Pimbi walisahau kumwogopa Tai. Kila mtu alisahau kila kitu.

Ila Nyati. "Mnababaishwa!" akafoka. "Hakuna mgeni wa mbinguni hapa. Uji wa Bi Ngiri ni mbovu, basi! Umejiozea wenyewe."

Bi Ngiri akageuka polepole. Meno yake mnayajua.

"Uji wa nani mbovu?"

"Wako."

"Uji wangu mimi? Niliyempikia Mtemi tangu hajaota pembe ya pili?" Akawasha moto palepale. "Nitapika mwingine mbele yako. Nusu naufunika ungali unatokota, na mfuniko naukandika udongo usipite hata upepo. Tuone kama unajiozea wenyewe!"

"Na nusu nyingine nipe mimi," akasema Nyati. "Naumimina kwenye kishimo cha jiwe letu hili la kawaida, jiwe la babu zetu. Utatoa mapovu vilevile, na hapo uongo wa Pimbi utakwisha."

Wakapika, wakakandika, wakamimina, wakasubiri. Hakuna aliyekwenda nyumbani. Kulipokucha tena jiwe la kawaida lilikuwa bado kimya, na Pimbi akaanza kutabasamu. Lakini jua lilipopanda, huko nako kukasikika.

Pwu.

"Haaa!" Nyati akaruka kwa furaha. "Mmesikia? Jiwe hili halikutoka mbinguni! Liko hapa tangu babu zetu!"

Bi Ngiri akabandua udongo, akafunua chungu chake. Uji ulikuwa umetulia kimya, hauna povu hata moja. Akaupasha, akauonja, akamsukumia Nyati upawa mdomoni. "Onja! Mbovu? Sema!"

Nyati akameza. "Mtamu," akakiri. "Lakini hoja yangu imesimama. Jiwe la mbinguni halina mtu. Mapovu haya ni ya hapahapa. Bi Pimbi, bondeni!"

Pimbi alimtazama Nyati. Kisha akalitazama lile jiwe la kawaida, kijivu, kavu, ambalo yeye na mama yake na bibi yake walikuwa wakilikalia miaka yote wakiota jua.

"Bwana Nyati," akasema, "uji wa Bi Ngiri haukujiozea wenyewe. Umeonja mwenyewe."

"Sijakataa."

"Basi kwenye jiwe hili, uji wako ameula nani?"

Nyati akainama, akauchungulia uji wake.

"Ulimimina mchana," akaendelea Pimbi, "macho yetu sote yakiwa hapo. Hakupanda mtoto wangu, hakupanda mtu. Lakini kuna aliyekula, akapumua, akatoa joto. Labda amekuja na vumbi. Labda alikuwamo jiweni siku zote. Ulimpigia hodi kabla ya kumimina?"

"Nimpigie hodi nani? Simwoni!"

"Ndiyo," akasema Pimbi. "Humwoni."

Kifaru akainua mguu mmoja. Hakujua auweke wapi.

"Bi Pimbi," akauliza kwa sauti nyembamba isiyofanana naye, "nimesimama juu ya nini?"

"Juu ya mapaa ya watu, Mtemi. Wadogo kuliko wadogo. Pengine nchi nzima ni yao, na sisi ndio wageni."

"Na vumbi ninamogaagaa kila siku?"

"Sijui. Pengine ni mji."

Kifaru akauweka mguu chini kama anayeweka yai.

"Na hilo jeusi?" Nyati akauliza. Hakuwa akifoka tena. "Hao waliomo, wamekuja nalo, au wamehamia hapa?"

"Sijui, Bwana Nyati. Lakini hata babu yangu hakuzaliwa katika kilima hiki. Alikuja kutoka kusini akimkimbia chui. Alifika, akala, akazaa, na tangu hapo tunaitwa wenyeji. Hawa nao wamefika jiweni, wakala, wakazaa. Jiwe lina mwenyewe, Mtemi. Kwa sheria yako mwenyewe."

Kifaru alifikiri. Alifikiri mpaka jua likaelekea kuzama, maana kichwa chake ni kirefu.

"Lina mwenyewe," akasema. "Kilima kinabaki chako, Bi Pimbi."

Watoto wa Pimbi wakarukaruka. Yule mdogo kabisa, kwa furaha, akapiga mbweu! Harufu ya samli ikaenea.

Pua ya Kifaru ikageuka taratibu.

"Mtoto," akasema, "uji wa mwanzo, wa siku zote zile, aliula nani?"

Mtoto akamtazama mama yake, akamtazama Mtemi.

"Sisi," akasema. "Ulikuwa mtamu, babu."

Nyati akaangua kicheko mpaka akakaa chini. Bi Ngiri akafuta machozi kwa upawa. Kifaru hakucheka. Jua lilikuwa limezama, na nyota zilikuwa zikitoka, moja hapa, nyingine kule. Macho yake hayakuzifikia, lakini kwa mara ya kwanza aliinua kichwa kuelekea huko.

"Niambie ziko ngapi," akasema.

"Hazihesabiki, Mtemi," akajibu Pimbi.

"Na kila moja ni mahali?"

"Jiwe hili lilitoka mahali."

"Kama katika kilima kikavu, kiangazi, wamejaa na hatukujua..." Kifaru hakumaliza. Alisimama hivyo, pembe zake zikiwa zimeelekea mbinguni, na wote wakasimama pamoja naye wakitazama.

Kisha akasema, "Bi Pimbi, umenidanganya. Uliniambia juu kuna mtu, nami nikaamini, na hukuwa unajua. Adhabu yako ni hii: mtafute. Kila jua likizama, panda juu ya mawe yako upige hodi huko."

"Mara tatu, Mtemi?"

"Mara tatu ni kwa jirani. Kule ni mbali. Wewe endelea. Hata huku chini tulikosa kuitikiwa kwa sababu waliomo hawana midomo. Piga hodi, na usikilize vizuri."

Pimbi akapanda juu ya jiwe jeusi. Akakumbuka alivyowadanganya wote, akaona kwamba sasa anatamani liwe kweli kuliko alivyowahi kutamani chochote. Akavuta pumzi, akaita.

Ndiyo maana mpaka leo, ukipita usiku karibu na mawe, utamsikia Pimbi akilia: anaanza chini, anapandisha sauti, anapandisha, kisha ghafla ananyamaza. Wengi hudhani amechoka. Hajachoka. Hapo anasikiliza.

Hadithi yangu inakomea juu ya jiwe hilo, na neno lake ni moja: usiseme nyumba ni tupu kwa sababu tu hujasikia "karibu".